Kumfundisha Baba Kusema Binti

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini na baba yangu hajawahi kuniita binti. Dada zangu wawili aliwaita hivyo tangu wakiwa mgongoni kwa mama. Wasichana wa jirani aliwaita hivyo. Hata ndama jike akizaliwa alfajiri, baba aliingia ndani akisugua viganja na kutangaza kwamba tumepata binti. Mimi peke yangu aliniita mura.

Asiyejua Kikurya nimweleze. Mura ni kijana wa kiume, yule ambaye ng'ombe wakiibwa anainuka kwanza, na akipita njiani wazee wanamtazama kwa raha. Ni wito na ni sifa kwa pamoja. Mwite mzee mwenye mvi mura, uone atakavyonyoosha mgongo. Mimi nilizaliwa msichana na sijawahi kuwa na shaka juu ya hilo, lakini kaka yangu alipenda biashara za mpakani Sirari kuliko mkia wa ng'ombe, dada zangu walishikwa na kazi za jikoni, basi mifugo yetu kule Nyansurura ikawa yangu kila nikitoka shule.

Neno lenyewe nililipata siku fahali wetu alipokata kamba akaingia kwenye mahindi ya watu. Watu wazima walisimama mbali wakipiga kelele. Mimi nilikwenda mbele yake na fimbo, nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa kuwa mama bado anasoma maandishi makubwa, naye akageuka akarudi zizini polepole. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa zizi. Akaniangalia, akasema, "Mura." Hakuongeza kitu. Usiku ule sikula ugali, kifua kilikuwa kimejaa chenyewe.

Tangu hapo nilikuwa radhi kufanya lolote ili nilisikie tena. Nilikamua, nilipasua kuni, nilivuka mto umefurika kwa sababu ya mbuzi mmoja asiye na shukrani. Dada zangu walichota maji asubuhi na jioni, kazi ngumu kuliko yangu, na walipotua ndoo hakuna aliyesema neno. Maji ya binti yalikuwa maji tu.

Chuo kikuu nilisomea saikolojia ya elimu. Tulipofika kwenye mada ya wale wataalamu wa tabia, nilicheka mpaka mhadhiri akaniuliza kuna nini. Alikuwa anaeleza habari za njiwa aliyewekwa kwenye sanduku. Njiwa akidonoa kitufe, inadondoka punje. Muda si mrefu njiwa anashinda akidonoa, hana kazi nyingine duniani. Wataalamu hao walisema usihangaike kuuliza ndege ana nini moyoni. Tazama anachofanya, tazama anachopata, inatosha. Nilicheka kwa sababu njiwa nilimfahamu. Alikuwa mimi, na punje yake ilikuwa mura.

Bwenini nilikaa chumba kimoja na msichana wa Bukoba aliyesoma nadharia za ufeministi, na aliyependa kubishana kuliko kula. Mwanzoni wataalamu wangu walimfurahisha. "Unaona," aliniambia, "hata wao wanakubali mwanamke hakuzaliwa na ufagio mkononi. Alifundishwa. Na kilichofundishwa kinaweza kufundishwa upya." Tukaona elimu zetu mbili ni ndugu wa tumbo moja, tukanunua chipsi kusherehekea.

Baada ya siku chache akaja na mchoro wa lile sanduku kutoka kwenye kitabu changu. "Huyu anayetoa punje yuko wapi?" Nikatazama. Sanduku lipo, ndege yupo, kitufe kipo. Mwenye mkono hayumo. "Basi hapo ndipo undugu wetu unapoishia," akasema. "Nyinyi mnamchunguza njiwa. Sisi tunamtafuta mwenye mkono, tumuulize kwa nini anasifu hiki na kile hakisifu." Ndipo nikamsimulia habari ya mura, nikitegemea atafurahi kusikia kwamba baba yangu hakunibagua. Akasema, "Pole. Kila aliposema hivyo alikuwa anakuambia: vizuri sana, leo hujawa msichana."

Nilikasirika, sikumsemesha mpaka siku iliyofuata. Lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa sato, na hayajatoka. Tangu siku hiyo kuna kitu kimoja nilikitaka kutoka kwa baba yangu. Nilitaka nifanye jambo zuri, aniangalie vile alivyoniangalia kwenye lango la zizi, aseme: binti yangu. Hata mara moja. Baba anazeeka, na mimi pia siko nyuma, na nilianza kuogopa kwamba nitamzika kabla hajalisema.

Sasa hivi mambo hayo ya njiwa ndiyo ninayowafundisha walimu wanafunzi hapa Mugumu. Nina nyumba yangu mtaa wa Morotonga, nimeijenga mwenyewe. Sikuolewa. Shangazi zangu wanasema kosa ni la baba, maana nani atatoa ng'ombe zake aoe mura.

Nafasi yangu ilikuja kwa njia ya mtoto wa jicho. Baba alifanyiwa upasuaji, na daktari akasema asiiname, asikae penye moshi, asipigwe na vumbi, kwa maneno mengine asiishi kwake kwa muda. Mama alibaki na ng'ombe, baba akaletwa kwangu na jicho moja limefunikwa, la pili likiwa na ukungu wake wa siku nyingi. Hakufurahi. "Huyu mtoto wa jicho," aliwaambia wageni wa kwanza, "ndiye mtoto pekee aliyekubali kukaa na mimi, na naye mmemtoa." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika sahani yake. Nikajisemea moyoni, mzee, sasa umepatikana.

Mpango wangu ulikuwa wa kitabuni kabisa. Baba akisema neno jema juu ya msichana yeyote, nitampa maziwa ya mgando yenye sukari, kitu anachokipenda kuliko wajukuu. Akiniita mura, sisikii. Tabia isiyolipwa hufifia yenyewe, ndivyo ninavyoandika ubaoni kila mwaka, na wanafunzi wangu wananakili.

"Mura, nipe maji," alisema asubuhi ya kwanza. Nikaendelea kuosha vyombo.

"Mura."

Nikasuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa.

Jioni walikuja wazee wa kanisa kumjulia hali, nami nikawasikia kutoka jikoni. Baba alikuwa anawaeleza kwa huzuni. "Amesoma sana huyu, masikio yameziba. Mungu anatoa hapa, anachukua pale." Wazee waliguna kwa huruma. Walipoaga, mmoja wao alinisogelea, akanishukuru kwa chai kwa sauti ya kuitia ng'ombe, mdomo wake karibu na sikio langu. Nikamjibu asante baba, karibuni tena. Akatikisa kichwa kuwaonyesha wenzake kwamba kidogo nilikuwa nasikia.

Hapo baba akaanza kuniita kwa nguvu zaidi. Hilo nililijua. Vitabu vinasema tabia kabla ya kufa hupanda kwanza. Njiwa akinyimwa punje aliyoizoea, hudonoa kwa hasira kuliko mwanzo. Nimelifundisha hilo miaka mingi, ila sijawahi kukaa nyumba moja na njiwa aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Mabati yalikuwa yanaitika.

Na kuna jambo nililolisahau, mimi mwenye shahada. Nilisahau ninaishi wapi. Geti langu liko barabarani, na barabara ile imejaa vijana, wenye pikipiki, wanaotoka sokoni, wanaokwenda shamba. Ita "mwalimu" pale, atageuka mwalimu. Ita "mura", barabara nzima inageuka. Siku iliyofuata pikipiki ikasimama getini. "Naam, mzee, shikamoo. Umeniita?" Baba hakuwa mtu wa kupoteza bahati. Akasema ndiyo, aletewe maji. Kijana akamletea. Mwingine akamsogezea kiti kivulini. Mwingine akakaa kabisa kusikiliza habari za ng'ombe wa zamani, abiria wake akisubiri juani. Kabla ya Jumapili mzee yule alikuwa na wahudumu wengi kuliko mkuu wa wilaya, na jaribio langu lilikuwa limemfundisha kwamba neno mura lina nguvu hata kuliko alivyodhani.

Upande wa maziwa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mara ya kwanza alipomsifu msichana, alikuwa mtoto wa jirani aliyemwamkia vizuri, nilikimbia na kikombe. Kwa bahati mbaya kabla ya kusifu alikuwa amekohoa. Mara ya pili, tena alikuwa amekohoa. Baba akatoa hitimisho lake mwenyewe. Kuanzia hapo, akitaka maziwa, anakohoa. Alikohoa kikohozi kirefu cha kusikitisha, kisha akatulia akitazama mlango wa jikoni. Mimi nikaamini ni kifua, nikamvalisha sweta, nikaanza kuulizia dawa. Alipoona kikohozi kinaleta sweta, dawa chungu na maziwa kwa pamoja, alichanganyikiwa sana, masikini.

Nikampigia mama simu. "Mama, hivi baba wewe anakuitaje?"

"Ananiita wewe."

"Na unaitika?"

"Tuko wawili ndani ya nyumba, nisiitike ili iweje? Ungeolewa ungejua mambo haya bila kwenda chuo." Akakata, hakupenda salio liende kwa upuuzi.

Siku ya kufunguliwa jicho tulirudi nyumbani polepole, baba amevaa miwani myeusi ya hospitali kama mtu wa kwenye televisheni. Alipokaa aliivua, akanitazama kwa jicho jipya, kwa muda mrefu. Nilisimama wima. Nilikuwa nimemwogesha, nimemtia matone ya dawa, nimemkatia kucha, nimemsomea Zaburi. Nikasema moyoni, ni sasa.

"Kumbe umezeeka, mura," alisema.

Nilitua kikombe mezani kwa kishindo. "Baba, mimi si mura. Mimi ni binti yako. Nimekuwa binti yako tangu nizaliwe, mbele ya fahali na nyuma ya fahali. Wenzangu uliwaita hivyo bure, hata ndama umewaita. Mimi nimefanya nini?"

Alicheka kwanza, halafu akaona uso wangu. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa kiziwi?"

"Ndiyo."

Aliishika ile miwani, akaifunga na kuifungua. "Binti ni mtu wa kuondoka," alisema. "Unamlea unajua. Dada zako niliwaita binti, na wako huko Tarime kwa watu, wajukuu nawaona kwenye simu. Siku ile ya fahali nilijiambia, huyu simwiti hivyo. Huyu abaki."

"Lakini na mimi niliondoka."

"Wewe ulikwenda kusoma. Mura akienda kusoma anarudi. Kile kiwanja karibu na zizi sijampa mtu. Kaka yako amekiomba, nimekataa. Ni chako, nakungoja."

Sikujua. Miaka yote hiyo sikujua kwamba kule nyumbani kuna mtu ananingoja. Nilitaka kulia, lakini hasira ilikuwa bado haijapoa, ikatangulia. "Na mama je? Mama si alikuwa binti wa mtu? Aliondoka kwao akaja kwako, na yeye ndiye aliyebaki hapo mpaka leo anakukamulia ng'ombe. Mnatuita waondokaji tangu tuko mgongoni, mnatufungia mizigo wenyewe, halafu mnakaa mlangoni mnasikitika kwamba tumeondoka."

Baba alifikiri. "Umesema kweli," akajibu. "Umesema kama mu..." Akaziba mdomo kwa kiganja. Tukacheka wote wawili, na katika kucheka kule akaniuliza, bila kunitazama, "Utarudi?"

Nikamwambia ukweli. Kazi yangu iko Mugumu, nyumba yangu iko hapa, kujenga kule sitajenga. Akasema, "Haya."

Gari la kumrudisha lilikuja asubuhi. Nilimfungia mto wake, dawa zake na dumu la maziwa. Aliketi mbele, akashusha kioo, akanipa mkono. Alinitazama vile vile alivyonitazama langoni pa zizi, kama nilivyokuwa nimeomba.

"Baki salama, binti yangu," alisema. "Umenitunza vizuri."

Gari likaondoka. Nilikuwa nimelipata neno langu, lote, pamoja na sifa yake, na maana yake ilikuwa kwamba ameacha kuningoja. Niliingia ndani nikakaa kwenye kiti chake, nikalia mpaka mwenye pikipiki mmoja akabisha hodi getini kuuliza mzee yuko wapi.

Sasa, kuna jaribio jingine, la zamani kuliko la njiwa, la mbwa na kengele. Kengele inalia, chakula kinaletwa. Inalia tena, chakula kinaletwa. Mwisho wake kengele ikilia tu, mbwa mate yanamtoka, hata sahani ikiwa tupu. Kengele yenyewe haina ladha. Inachukua maana ya kile kinachoifuata. Nikawaza, kwa baba binti ni kengele, na kila ilipolia, mtu alifungasha. Neno halina kosa lolote. Kosa ni la kinacholifuata. Nikampigia rafiki yangu wa Bukoba, ambaye siku hizi ana watoto wa kubishana nao, nikamweleza ninachotaka kufanya. Alicheka sana. "Fanya," akasema. "Safari hii angalau mwenye mkono tunamjua."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Nyansurura. Nilisimama langoni nikaita kwa sauti, "Baba, shikamoo. Binti yako amefika."

"Marahaba. Umesahau nini?" akauliza.

Jumamosi nyingine nikaita tena vile vile, binti yako amefika. Alitaka kujua kama nimefukuzwa kazi. Nyingine akamwambia mama kwamba pengine naumwa na nawaficha. Mimi nilikuwa nasema neno langu, naingia, nakaa, nakunywa uji, namsikiliza akilalamikia bei ya dawa ya kupe, jioni narudi zangu Morotonga. Kiwanja hakuniuliza tena. Sikumweleza habari za mbwa, kwa sababu baba ana heshima zake, na mama angenifukuza na mwiko.

Halafu ikaja Jumamosi ya mitihani. Nilikuwa nasimamia chumba cha wanafunzi, simu imezimwa kama kanuni inavyotaka, na kutwa ikaniishia mle. Nilipoiwasha, mama alikuwa amepiga na kupiga. Nikaogopa, nikampigia.

"Uko wapi wewe?" aliuliza. Alikuwa amekasirika. "Mzee ametoa kiti mpaka barabarani tangu asubuhi. Uji hataki, kivulini hataki, na jicho lenyewe ndilo hilo la juzi. Kila gari likipita anainuka. Anamuuliza kila mtu kama binti amefika."



"Nimemwambia uko njiani," mama akasema. "Kwa hiyo uwe njiani."